Bora kuliko ipi?

Mpwa wangu aliingia ndani simu ikiwa mkononi, shikamoo akaitamka huku macho yamebaki kwenye kioo. Kulikuwa na kijana wa Ulaya amekaa kwenye chumba kilichobandikwa sponji ukuta mzima, anazisifia spika mbili nyeusi mpaka mishipa ya shingo imemtoka. Mpwa alikuwa amepokea zamu yake ya mchezo kazini kwao, milioni moja na laki mbili, na mkewe alikuwa bado hajaambiwa.

"Anko, wewe umefunga mziki miaka na miaka. Nijibu jambo moja tu. Spika iliyo bora ni ipi?"

"Ya kufanyia nini?"

"Ya kusikilizia."

"Kusikilizia nini, wapi, saa ngapi?"

"Aa, anko nawe! Nimeuliza spika, unanifanyia usaili."

Nilicheka, lakini maswali yangu hayakuwa ya utani. Swali hilo nimeulizwa na maharusi, na masheikh, na wachungaji, na kijana mmoja wa bodaboda aliyetaka kufunga spika kwenye pikipiki, na kila mara nimeshindwa kulijibu kwa namna muulizaji anavyotaka. Wengine hudhani nabania siri. Lugha yetu yenyewe inakataa. Ukisema kitu hiki ni bora, umesema ni kizuri, basi. Ukitaka kukipandisha juu ya vingine mara nyingi unatia neno kama "kuliko", na ukishalitia umejifunga: lazima umtaje anayezidiwa, na useme amezidiwa katika nini. Muuza spika hukata sentensi kabla haijafika hapo.

Mambo haya nimeyarithi kwa mjomba, fundi redio wa Ngamiani, Tanga, kule ambako mitaa inaitwa barabara na inahesabiwa kwa namba. Kibanda chake kilikuwa na meza moja, harufu ya risasi inayoyeyuka, na juu ya bati betri za wateja zimeanikwa kama dagaa, zipate jua zirudishe uhai wa siku mbili tatu. Mteja akileta redio inayokoroma, mjomba anaifungua, anachomoa spika, anaigusisha nyaya palepale mezani aisikie. Hapo ndipo nilipoanza kushangaa. Spika ileile iliyokuwa na kifua ndani ya boksi lake la mbao, ikiwa mezani utupu ililia kama mbu nje ya chandarua.

Mimi nilidhani imekufa. Mjomba akaichukua, akaifunika juu ya mdomo wa mtungi wa maji uliokuwa umestaafu pembeni, na mwimbaji akarudi na sauti yake yote. Gitaa la besi likaanza kuzitembeza bisibisi mezani.

Sababu yake ni hii. Karatasi ya spika inaposukuma hewa mbele, papo hapo inaivuta nyuma. Spika ikiwa wazi, hewa iliyobanwa mbele inazunguka ukingo na kwenda kuziba pengo la nyuma, na besi, ambayo mawimbi yake ni marefu na yanapata nafasi ya kuzunguka, inajifuta yenyewe. Sauti nyembamba haziwahi kuzunguka, ndiyo maana unabakiwa na mbu. Mtungi ulichofanya ni kuitenga mbele na nyuma. Spika haikubadilika hata kidogo, na kama ungeniuliza dakika tano kabla, ningeapa kwamba ni mbovu ya kutupwa.

Miaka ikaenda, nikahamia Dar, nikaanza kufunga mziki kwenye sherehe. Kuna harusi moja Temeke siisahau. Nilikuwa nimekodi mziki mnene kweli, maboksi marefu yenye wufa, yaani spika za besi, mbili mbili za inchi 15, vitu ambavyo mwenye navyo alinikabidhi kama anakabidhi mtoto. Nikavipanga jukwaani kushoto na kulia, mchana, ukumbi ukiwa mtupu. Sakafu ya marumaru, madirisha ya vioo, juu bati lisilo na dari. MC akashika maiki kujaribu, "moja, mbili," na ile "moja" ilikuwa bado inazunguka ukumbini wakati "mbili" inamfuata, na zote mbili zikakutana katikati zikawa neno la tatu ambalo halipo kwenye Kiswahili.

Nikafanya kosa la kila mgeni wa kazi: nikaongeza sauti. Sherehe ilipoanza MC alitangaza wazazi wa bibi harusi wasimame, wakasimama wa bwana harusi. Kamati ikanijia, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na ushauri wake.

Ikawa Isha. Msikiti wa jirani ukaadhini kwa honi mbili za bati juu ya mnara, na kupitia madirisha yale yale, katikati ya mziki wangu wa mamilioni, kila herufi ya adhana iliingia ukumbini imenyooka. Nilisimama nyuma ya mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti, nikaona aibu.

Honi ile, ukiipeleka kwenye chumba cha yule kijana wa sponji, itafukuzwa mlangoni. Chini ya hezi mia tatu hivi, yaani mitetemo mia tatu kwa sekunde, haina kitu, na ukiipigia taarab, fidla inakuwa bati linalokwaruzwa kwa msumari. Lakini imebeba yale masafa ambayo sikio la binadamu limeumbwa kuyasikia kwa urahisi kupita mengine. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, watafiti wa maabara za Bell kule Marekani, walichora mistari inayoonyesha jinsi sikio lisivyosikia sauti zote sawasawa: besi ndogo hulipita bila kuligusa, ila kati ya hezi elfu mbili na elfu tano linashtuka kwa kitu kidogo sana. Na humo ndimo zilipo konsonanti, zile s na t na k zinazotofautisha neno na neno. Honi inatupa besi yote, inamwaga nguvu zake zote hapo. Kwa kazi ya kumfikishia adhana mtu aliye mitaa mitatu mbali, maboksi yangu yangefunikwa na kuaibika.

Niliuokoa usiku ule nusunusu. Nikapunguza sauti, nikakata besi kwenye chaneli ya MC, nikashusha maboksi mawili madogo na kuyaweka katikati ya ukumbi, karibu na watu, ili masikio yao yapate sauti ya kwanza kabla kuta hazijaongeza maneno yake. Na wageni nao walinisaidia bila kujua: kadiri walivyojaa, na vitenge vyao na suti zao, mwangwi ulipungua. Nguo hunywa sauti, na marumaru huitema. Tangu hapo sipimi mziki kwenye ukumbi mtupu nikaamini nilichosikia.

Kwenye maiki ni hayo hayo. Studio nyingi za dunia zinaiheshimu Neumann U 87 ya Kijerumani, iliyotoka mwaka 1967, na bei yake inanunua pikipiki na chenji inabaki. Ni maiki yenye masikio ya paka. Mpe MC wa harusi uone: itaokota vijiko, itaokota shangazi anayelalamikia pilau, itaokota spika zako mwenyewe na kuanza kupiga filimbi kabla bwana harusi hajaingia. Shure SM58, iliyotoka mwaka mmoja kabla yake, inauzwa sehemu ndogo sana ya bei hiyo, inasikia kilichoko mdomoni pake na kupuuza kilichoko mgongoni, na ukiiangusha inaokotwa kazi inaendelea. Ndani ya studio, kwa mwimbaji laini, SM58 mara nyingi itamfunika ushungi. Na hata hapo sina amri ya kudumu, kwa sababu Bruce Swedien, fundi aliyemrekodi Michael Jackson kwenye Thriller, aliweka mbele yake Shure SM7, maiki ya jamii hiyo hiyo isiyo ya kifahari, wakati studio ilikuwa na uwezo wa kuweka yoyote. Aliisikia inamfaa mwimbaji yule, akaiacha palepale.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi, na nilichomsimulia mpwa wangu huku chai inapoa, ni cha Yamaha NS-10.

Mwaka 1978 Yamaha ya Japani ilitoa spika hiyo kwa ajili ya sebule za watu. Boksi dogo jeusi lililofungwa pande zote, wufa nyeupe pe. Sebuleni haikupendwa. Besi haba, na sauti za juu kali kiasi cha kuchosha. Hadithi ingeishia hapo, spika iende ikafie kwenye maduka ya mitumba, ila mafundi wa studio za Marekani na Uingereza wakaichukua na kuiweka juu ya mikisa zao. Kufika katikati ya miaka ya 1980 ukiingia studio yoyote ya maana, zile wufa nyeupe zilikuwa zinakutazama. Twita yake, ile spika ndogo ya sauti za juu, ilikuwa kali hata kwa mafundi wenyewe, wengine wakawa wanaibandika karatasi laini ya chooni kuipunguza makali. Studio ya mamilioni ya dola, na mbele ya spika karatasi ya chooni! Yamaha ilipoacha kuitengeneza mwaka 2001, watu walianza kuwinda zilizotumika, na bei zikapanda.

Kwa nini? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton waliipima pamoja na spika nyingi nyingine, wakakuta kwamba kwa sababu boksi lake limefungwa, besi yake, ingawa ni kidogo, inanyamaza upesi pale muziki unaponyamaza. Spika zenye tundu hutoa besi nyingi, ila mkia wa sauti hubaki ukining'inia, na fundi anashindwa kujua kama ngoma aliyoirekodi ndiyo ndefu au ni spika inayoirefusha. Basi kwa kazi ya kutafuta makosa, spika isiyopendeza ndiyo iliyofaa. Mafundi wanasema wimbo ukipendeza kwenye NS-10 utapendeza popote. Hilo nalichukua kwa tahadhari, lakini najua kilichowaweka nayo miaka yote: walikuwa wamezijua kasoro zake kwa moyo, na kwa kuwa ilikuwepo kila studio, fundi aliyesafiri alizikuta zilezile alizoziacha kwao. Juu ya meza hizohizo mara nyingi kulikuwa na Auratone, kijiboksi chenye spika moja, ambacho kazi yake ilikuwa kumwambia fundi wimbo utasikikaje kwenye redio ya jikoni.

BBC nao walitengeneza yao miaka ya 1970, LS3/5A, ndogo ya kubeba kwapani, kwa ajili ya magari ya kurushia matangazo ambamo hapakuwa na nafasi ya kitu kikubwa. Ukiipeleka harusini Temeke itaungua kabla ya keki.

"Kwa hiyo unataka kuniambia zote ni sawa?" mpwa akauliza. "Kila mtu na sikio lake?"

Hapana, na hapa naomba nieleweke. Wanaosema kila mtu na sikio lake huwa wanataka kukimbia mjadala. Kitu kibovu kipo, na kinapimika. Amplifaya inayokoroma kwa sababu imefungwa nyaya za bei rahisi, wufa ambayo sponji yake ya ukingoni imeliwa, spika inayoipandisha besi ya hezi mia ili mteja aruke dukani kisha kila wimbo nyumbani unakuwa wimbo mmoja. Vyote hivyo ni vibovu, hata mwenye navyo akivipenda.

Tena kuna ushahidi ambao hata mimi ulinibadilisha. Floyd Toole, mtafiti wa sauti aliyefanya kazi miaka mingi kwenye baraza la taifa la utafiti la Kanada kabla ya kuhamia kampuni ya Harman, aliwakalisha watu nyuma ya pazia, wasione wanachosikiliza, akawapa spika tofauti wazipe alama. Walikubaliana kuliko nilivyotegemea. Spika ambayo haipendelei sauti moja na kuonea nyingine, na ambayo sauti yake ya pembeni inafanana na ya mbele, ilipata alama nzuri kwa mafundi na kwa watu wa kawaida. Kisha mwaka 1994 yeye na Sean Olive wakaondoa pazia, wasikilizaji wakiwa wafanyakazi wa kampuni yao wenyewe. Alama zikahama. Spika kubwa za bei kubwa zikapanda, kijispika kidogo cha bei poa kikashuka, na masikio ni yaleyale.

Kwa hiyo nzuri ipo. Ninachokikataa ni ile ya juu kuliko zote, kwa sababu hata spika ya Toole yenye alama zote, ukishaibeba nyumbani kwako, chini ya hezi mia tatu hivi anayeongea zaidi ni chumba. Urefu wa ukuta, dari, kona, kochi, mlango ulioachwa wazi. Umenunua nusu tu, ile nusu nyingine umeipanga kwa mwenye nyumba.

Jaribio la pazia nimelifanya mwenyewe, ila kwa ushenzi kidogo. Shemeji yangu mmoja anajua kila kitu. Nilimpigia wimbo, kisha nikamwambia sasa nabadilisha amplifaya, naweka mpya ya laki saba. Nikaenda nyuma ya kabati, nikakohoa, nikagusagusa nyaya, nikaongeza sauti kidogo tu, nikarudia wimbo uleule kwenye amplifaya ileile. "Ee! Hapo sasa," akasema. "Besi imejaa, mwimbaji amefunguka, hata ile tarumbeta sikuwa naisikia." Nilipomwambia ukweli hakunisemesha mpaka chai ya jioni.

Alichosikia lakini kilikuwa kweli. Sikio likipewa sauti kubwa zaidi kidogo halisemi ni kubwa, linasema ni nzuri, na besi ndiyo inayofaidika zaidi, kwa ile mistari ya Fletcher na Munson. Wauzaji wanalijua hili bila kusoma popote. Ukisimama dukani Kariakoo na mbele yako kuna sabufa tatu, mkono wa muuzaji ukipita kwenye kitufe cha sauti kila anapohamisha, ujue anakuchagulia.

Na hizo wati zilizoandikwa kwenye boksi zisikutoe usingizini. Nimewahi kuletewa sabufa iliyoandikwa wati 10,000, nikageuza adapta yake: volti 12, ampea 5. Zidisha, unapata 60. Haiwezi kutoa kwa kudumu kisichoingia. Na hata wati zingekuwa za haki, ukiziongeza mara mbili unapata desibeli 3 tu za kipimo cha ukubwa wa sauti, tofauti ambayo mgeni anayekula hataitambua. Ili sauti ionekane sikioni imekuwa maradufu unahitaji desibeli 10 hivi, yaani wati mara kumi.

Upande wa wenye mitambo ya bei kubwa nao una namba zake za kwenye boksi. Sahani ya CD ilitoka mwaka 1982, na tangu hapo kila baada ya muda anakuja mtu na namna mpya ya kuhifadhi sauti yenye namba kubwa zaidi za ubora. Mwaka 2007 Wamarekani wawili, Meyer na Moran, walichapisha jaribio lao: walicheza rekodi za namba kubwa, na katikati ya njia wakaweka kifaa kinachoishusha sauti iwe ya kiwango cha CD, wakawauliza wasikilizaji ipi ni ipi. Majibu 554, yaliyo sahihi 276. Ukirusha shilingi hewani na kukisia kichwa au mwenge utapata hivyohivyo. Wapo waliobishana na namna jaribio lilivyoendeshwa, na ubishi haujaisha, lakini kama tofauti ilikuwa ya kulipia gari zima, ningetegemea mtu aisikie bila kubembelezwa.

Kuna kitu kingine ambacho sikumwambia mpwa kwa sababu alikuwa ameanza kuangalia saa. Nina santuri za zamani nilizohamishia kwenye kompyuta, na kati yake sauti ya Siti binti Saad, ambaye mwaka 1928 alivuka bahari na wenzake kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodiwa. Ukiipiga kwenye mziki wangu mzuri, twita zinazofika juu kabisa zinakuletea kila mkwaruzo wa sindano, vumbi la miaka tisini na ushee linamiminika sebuleni, na Siti yuko nyuma ya mvua. Ipeleke kwenye redio ndogo yenye spika moja isiyojua kufika juu, mvua inakatika, kwa sababu mikwaruzo mingi inakaa huko juu ambako mitambo ya wakati ule haikuokota chochote cha kwake. Anabaki yeye na udi. Vivyo hivyo dansi la Redio Tanzania Dar es Salaam: bendi nzima ndani ya chumba inapiga kwa pamoja, fundi mitambo anachanganya papo hapo, na anajua wazi kwamba wimbo unakwenda kwenye masafa ya kati, kwenye redio ya mkulima yenye spika ya kiganja. Ukinishikilia nikuambie chombo gani kinaipiga kazi yake kwa uaminifu, sina hakika kwamba nitakuonyesha kile cha bei kubwa.

Tulikwenda kwake Tabata siku ileile. Vyumba viwili, ukuta mmoja na jirani mwenye mtoto mchanga, na anasikiliza saa nne usiku kwenda mbele, singeli kwanza, kisha dansi la zamani usingizi ukija. Sabufa yake aliyokuwa anaitukana ilikuwa imesukumwa kwenye kona nyuma ya kochi. Kona hukusanya besi kama inavyokusanya takataka. Tukaivuta kama hatua moja na nusu kutoka ukutani, nikapunguza kitufe cha besi, nikampigia wimbo wake.

"Umeifanyaje?"

"Nimeihamisha."

Alikaa kimya, kisha akasema bado anataka kununua kitu. Sikumlaumu, pesa ya mchezo ina kelele zake. Akanunua hedifoni ya laki moja na nusu, kwa ajili ya jirani na mtoto. Iliyobaki mkewe alishaijua kabla jua halijazama, na ikaenda kwenye ada.

Idd iliyofuata tulikwenda Tanga kumwangalia mjomba. Sasa ni mzee, ametulia, kibanda kimekuwa duka la vocha la mtu mwingine. Masikio yamepungua kuanzia juu kuja chini, kama yanavyopungua ya wazee wengi: ngurumo anaisikia, ila ukimwambia "saba" anaweza kusikia "aba". Redio yake iko kwenye kigoda karibu na kichwa, kitufe cha sauti za juu amekizungusha mpaka mwisho. Kwetu sisi ilikuwa inachoma. Watoto walitoka nje mmoja mmoja.

Mpwa akamvalisha hedifoni. Mzee akatulia, macho amefumba, kidole kinapiga goti. Tukasubiri. Akaivua kwa adabu, akaipangusa na kanzu.

"Nzuri," akasema. "Ila huyu mwimbaji mbona mmemweka mbali?"

Akairudia redio yake, akaipiga kofi la mgongo, ikakwaruza, ikakaa sawa. Taarifa ya habari ikajaa chumba kizima kama mabati yanashushwa kwenye lori, na uso wake ukakunjuka. Kisha akanyoosha mkono dirishani.

"Hebu nipeni hizo betri, zimeshapata jua la kutosha."